Jeraha la ubaguzi na tiba ya mazungumzo: maswali ya dada zetu walioko Marekani

Ukurasa huu nimewaandikia wanawake weusi wanaoishi Marekani na bado wanahesabu hela kwa Kiswahili: waliotoka Mombasa, Mwanza, Bukavu na Bujumbura, waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, na binti zao waliozaliwa huku. Mimi ni mkalimani wa hospitali hapa Minnesota. Kwenye vyumba vya tiba ya mazungumzo huwa nakalia kiti cha tatu, pembeni kidogo, kati ya mnasihi na mwenye shida. Yanayosemwa mle sitayasema hapa. Mifano yote iliyomo ni yangu, maana ilifika siku nikahama kiti cha tatu nikaenda kukalia kile cha mwenye shida.

Maswali haya huulizwa jikoni kwenye shughuli, au kwenye foleni ya duka la Mhindi, tena kwa sauti ya chini. Mengi huanza na "kuna rafiki yangu mmoja".

Jeraha la ubaguzi ndiyo nini? Si hasira tu?

Hasira hupoa. Hili halipoi.

Kabla ya ukalimani nilikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila nikiingia kumwogesha alisema hataki kushikwa na mikono ile, akitazama mikono yangu kana kwamba imelala kwenye matope. Msimamizi aliniambia, "Ni mzee, usimjali, chukua chumba kingine." Nikachukua chumba kingine kwa miezi minane. Kila jioni nilikaa garini kwenye maegesho dakika ishirini kabla ya shifti, hita ikinguruma, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, mkono uko mlangoni na haufungui. Niliacha kazi ile. Miaka minne baadaye, nikiwa mkalimani mwenye kitambulisho shingoni, nilipita korido moja nikasikia harufu ya dawa ileile ya kusugulia sakafu, mikono ikafa ganzi mpaka kwenye viwiko.

Mwanasaikolojia Robert Carter aliandika juu ya mambo haya mwaka 2007. Alieleza kwamba kubaguliwa kunaweza kumwachia mtu dalili zinazofanana na za aliyeshambuliwa: tukio kujirudia kichwani bila kuitwa, usingizi kukatika, mwili kuwa chonjo muda wote, kukwepa mahali na watu, kujiona huna thamani. Alichagua kuliita jeraha badala ya ugonjwa, na mimi naona alichagua vizuri. Mgonjwa huulizwa ana kasoro gani. Mwenye jeraha huulizwa amefanywa nini.

Wala si lazima liwe tukio moja kubwa. Chester Pierce, daktari wa akili mweusi wa Harvard, tangu mwaka 1970 alikuwa akieleza uchokozi ule mdogomdogo wa kila siku: mtu kukamata mkoba wake ukiingia kwenye lifti, kusifiwa Kiingereza chako kana kwamba umefanya mazingaombwe, kuulizwa unafanya usafi saa ngapi wakati wewe ndiye nesi wa zamu. Kimoja kimoja huwezi kukishitaki. Ndiyo maana vinachosha.

Mimi si Mmarekani Mweusi. Nimekuja 2016. Hii si historia yao wenyewe?

Swali hili ndilo naulizwa kuliko yote, na mimi mwenyewe nililishikilia muda mrefu kama pasi ya kusafiria. Nyumbani nilikuwa Mdigo, binti wa mwalimu, mtu wa mtaa fulani. Hakuna aliyeniita mweusi isipokuwa shangazi, aliponilinganisha na dada yangu "mweupe" na kuniuliza mbona sipaki chochote. (Hilo nalo liwekwe akilini. Mkorogo haukuanzia Minneapolis. Wengi wetu tulipanda ndege tayari tuna mkwaruzo.) Nilipofika, fomu ya kwanza ilikuwa na kisanduku kimoja tu kilichonifaa, na humo tulikuwa wote, mimi na mwanamke ambaye bibi ya bibi yake aliuzwa mnadani Alabama.

Anayekubagua hakuulizi ulizaliwa Malindi au Mississippi. Chukua hili la uchungu. Katika miaka ya 1840, mjini Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa mara nyingi bila dawa ya ganzi ili afanyie majaribio upasuaji wake. Majina ya watatu yanajulikana: Anarcha, Betsey na Lucy. Sanamu ya Sims ilikaa New York mpaka 2018 ndipo ikaondolewa Central Park. Utasema ni ya kale. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wazungu walio mafunzoni kuhusu miili ya watu weusi, na karibu nusu waliamini angalau jambo moja la uongo, kama vile kwamba ngozi yetu ni nene kuliko ya mzungu. Basi ukiwa leba ukasema unaumia, unayemwambia huenda ni mmoja wao.

Serena Williams, bingwa wa tenisi, pamoja na umaarufu na fedha zake, baada ya kujifungua mwaka 2017 ilibidi asisitize ndipo wamchunguze mapafu, na damu iliyoganda ikakutwa. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zinaonyesha vifo vya uzazi 50.3 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai kwa wanawake weusi, na 14.5 kwa wanawake wazungu. Sisi tumo ndani ya hiyo 50.3.

Nimetoka vitani. Maneno ya bosi wa kiwandani yatanishinda kweli?

Hayakushindi kwa ukubwa. Yanaingia kwa mlango uleule. Mwili uliojifunza Kivu kwamba mtu mwenye mamlaka akikasirika kuna hatari, hautofautishi haraka askari wa kizuizi cha barabarani na msimamizi anayekupigia kelele mbele ya wenzako huku akiwapita wengine wenye kosa lilelile. Unajishangaa: "Nilikimbia risasi sikulia, leo nalia kwa sababu ya mtu wa dukani?" Kipindi kile hukuwa na nafasi ya kulia.

Ipo tiba ya kusimulia maisha ambayo ilijaribiwa miongoni mwa wakimbizi hukohuko kwetu, ikiwamo kambi ya Nakivale, Uganda, na wengine walioitoa walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa kazi hiyo. Unatandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Kwenye jambo jema unaweka ua, kwenye baya unaweka jiwe. Kisha mnarudi kwenye mawe, moja moja, mkilisimulia kila moja mpaka lipate mahali pake na tarehe yake. Mawe ya Marekani nayo huwekwa kwenye kamba hiyohiyo. Ukipewa mnasihi anayetaka kushughulika na vita tu, au na kazini tu, mwambie kamba yako ni moja.

Kwenda tiba maana yake mimi ni kichaa?

Hapana.

Kwa nini mnasema wanawake? Wanaume weusi hawabaguliwi?

Wanabaguliwa, na wao polisi huwaua. Ila mwanamke hupigwa kutoka pande mbili, na anayepigwa pande mbili mara nyingi huambiwa achague upande mmoja wa kulalamikia. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw alilieleza hili mwaka 1989 kwa kesi za wanawake weusi ambao mahakama hazikuona ubaguzi: kampuni iliajiri wanawake (wazungu), tena iliajiri weusi (wanaume), sasa ninyi mnalalamika nini?

Halafu kuna mzigo wa kuitwa jasiri. Mtafiti Cheryl Woods-Giscombé, aliyewasikiliza wanawake weusi wa Marekani, aliandika mwaka 2010 juu ya mwanamke anayejiona ana wajibu wa kuwa imara, kuficha hisia, kukataa msaada na kuwahudumia wote kabla ya nafsi yake. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Mbona ni mafundisho ya somo wangu siku ya kufundwa? Vumilia, funika, usitoe nje ya ndani. Yalinifaa kwa mengi na sitaki kuyatukana. Lakini somo hakuwahi kufanya kazi shifti ya usiku chini ya mtu anayemwita kwa jina lisilo lake.

Nina shoga yangu wa kumwambia kila kitu. Mnasihi ana nini cha zaidi?

Shoga ni dawa, usimwache. Ila jiangalie mnavyozungumza. Wewe unasema moja, yeye anasema, "Hilo si kitu, mimi walinifanyia hivi," na ndani ya dakika tano unamfariji yeye. Au anakasirika kuliko wewe, anataka mwende mkagombane, nawe unaanza kumpoza. Kwa mnasihi saa ni yako yote, ingawa saa yenyewe ni dakika 50. Mara nyingi utaona ukuta wa nyuma yako una saa, ili yeye aitazame bila wewe kuona anaitazama.

Siku ya kwanza kuna makaratasi. Utapewa maswali tisa yaitwayo PHQ-9 kuhusu majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona umeshindwa, mawazo ya kufa. Unajibu sifuri mpaka tatu, toka "sivyo kabisa" hadi "karibu kila siku", jumla haizidi 27. Hakuna swali hata moja pale linalouliza umetendewa nini na nani. Hilo utalisema wewe.

Sasa hapa ndipo penye kiini, naomba unisome taratibu. Tiba moja maarufu hufanya kazi kwa kupima mawazo: unaleta wazo linalokutesa, mnasihi anakuuliza, una ushahidi gani? Je, kuna maelezo mengine? Kwa mtu anayeogopa kwamba ndege itaanguka, ni njia nzuri sana. Kwa mwanamke aliyebaguliwa, ikitumiwa na mtu asiyejua, inakuwa mahakama ya pili. "Labda msimamizi alikuwa na siku mbaya?" Wewe umeshajiuliza hilo mara mia usiku kucha, kujiuliza huko ni sehemu ya jeraha lenyewe. Mnasihi anayejua kazi hukubali kwanza kwamba jambo lilitokea. Halafu anapima kitu kingine: lile hitimisho ulilojibandika. Mzee alikataa mikono yangu, ndiyo. Je, ni kweli kwamba mikono yangu inachafua? Kati ya sentensi hizo mbili ndipo nilipokaa miezi mitano, na sijutii hata senti moja.

Zipo njia nyingine. EMDR ni ile ya kufuatisha vidole vya mnasihi kwa macho huku umeshika kumbukumbu akilini; inaonekana kama kiinimacho, lakini inatambuliwa kama tiba ya kiwewe. Zipo za kupumua na kuurudisha mwili chini. Zipo za kundi, wanawake wanane au kumi chumbani, na wengine huponea huko kuliko kwingine, kwa kusikia tu mgeni akisimulia gari lake na hita yake.

Hawa wataalamu wa akili si ndio waliotuita wagonjwa kwa kukataa utumwa? Niwaamini vipi?

Historia unayo sawa. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili, akayapa na jina la kitaalamu. Kule Tuskegee, Alabama, toka 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watazamwe. Na Oktoba 2021 chama kikuu cha wanasaikolojia wa Marekani kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi. Mashaka yako basi ni kumbukumbu nzuri, na unaweza kuingia nayo chumbani. Mwambie mnasihi siku ya kwanza: "Sijui kama nakuamini." Ukimwona ameudhika, umeshajua. Wangu aliandika kitu, akasema, "Nami nisingetaka uniamini leo."

Mume wangu anasema ni mambo ya wazungu.

Mweleze kuhusu Mamie Phipps Clark. Alipata shahada ya udaktari wa saikolojia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1943, mwanamke mweusi, na pamoja na mumewe Kenneth waliwapa watoto weusi wanasesere wa rangi mbili wachague aliye mzuri. Wengi walimchagua mweupe. Utafiti huo ulitajwa katika kesi iliyopiga marufuku shule za kibaguzi mwaka 1954. Kabla ya hapo, mwaka 1946, wawili hao walishafungua kituo cha tiba ya watoto Harlem, mtaa wa watu weusi New York. Chama cha wanasaikolojia weusi kilianzishwa 1968. Kwa hiyo si mambo ya wazungu watupu.

Akiendelea kubisha, mwache. Si lazima aafiki ili wewe uende.

Nina dini yangu. Sala haitoshi?

Sina mamlaka ya kusema nini kinamtosha nani. Nitasema tu kwamba mnasihi wangu, ambaye si Mwislamu, aliniuliza nilikuwa nasoma dua gani kule garini kabla ya shifti. Nikamsomea. Akaniomba niisome tena polepole, nikitoa pumzi kila mwisho wa aya, tukaifanya ndiyo zoezi la kupumua. Mnasihi anayetaka uache imani yako mlangoni, tafuta mwingine. Na kiongozi wa dini anayekuambia usingizi umekukimbia kwa kupungukiwa na imani, huyo naye msalimie kwa heshima, uende zako.

Lazima mnasihi awe mwanamke mweusi?

Si lazima, na ukisubiri huyo tu unaweza kusubiri sana: kati ya wanasaikolojia 100 wa Marekani, weusi hawazidi watano au hivi. Wako wengi zaidi miongoni mwa wanasihi wenye leseni ya ustawi wa jamii, kwa hiyo usitafute wenye cheo cha udaktari peke yao. Orodha ya Therapy for Black Girls, iliyoanzishwa na Dk. Joy Harden Bradford mwaka 2014, ni mahali pazuri pa kuanzia, unatafuta kwa mji.

Binafsi nilimpata mweusi, Mmarekani, na ilitubidi tujifunzane. Hakujua kufundwa ni nini. Mimi sikujua kwa nini alinyamaza nilipomwambia nyumbani hatukuwa na ubaguzi. Ila sikulazimika kumweleza nywele. Hilo peke yake liliniokolea dakika nyingi.

Kwa mwingine yeyote, muulize kabla ya miadi: umewahi kuwahudumia wanawake weusi waliobaguliwa kazini? Unafanyaje nikikuambia wewe mwenyewe umesema jambo limeniumiza? Anayejibu kwamba yeye haoni rangi, mshukuru kwa muda wake.

Kiingereza changu si cha kusemea uchungu. Nitafanyaje?

Omba mkalimani, ni haki yako. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 na ile ya bima ya afya ya 2010: zikupe mkalimani bure. Usikubali mwanao akutafsirie. Mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kuwa mdomo wa mama yake anaposema hataki kuishi.

Niwaibie siri ya kazi. Ukisema "moyo unaniuma", mkalimani mvivu atasema moyo, na utashtukia umevuliwa blauzi umebandikwa nyaya kifuani kupimwa mapigo. Ukisema "nawaza sana", inatoka kama mtu mwenye akili nyingi, wakati sisi tunajua ni mawazo yanayozunguka usiku kama feni. Kwa hiyo ongeza mwili na saa: "Nawaza mpaka saa tisa usiku, kifua kinabana, nalia bila sauti." Hapo hakuna wa kukosea. Na kama mkalimani anasema Kiswahili cha Tanga na wewe wa Uvira, mkipishana, mkatize. Hatukasiriki. Tukikasirika, shauri yetu.

Na kama mkalimani ni jirani yangu wa kanisani?

Mkatae bila kutoa sababu. Omba wa simu, aliye jimbo lingine, na umwambie mnasihi asitaje jina lako kwake. Mimi nimekataliwa hivyo mara mbili na nilishika mkoba wangu nikatoka nikiwa na amani.

Siri zangu zitafika wapi?

Haziendi kwa mwajiri, mume, wala mchungaji. Sheria ya faragha ya afya ipo tangu 1996. Mipaka ni michache na mnasihi anapaswa kukutajia siku ya kwanza: ukiwa hatarini kujiua au kumwua mtu, akisikia mtoto anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Hilo la mtoto lielewe vizuri, maana kuchapa tunakokuita malezi, huku kunaweza kuripotiwa.

Bei?

Bila bima, kikao kimoja kinaweza kula mshahara wa siku nzima. Jaribu kwa mpangilio huu. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kama unayo, hulipia. Bima ya kazini hulipia baada ya kiasi fulani. Piga namba iliyo nyuma ya kadi uulize kiasi gani. Waajiri wengi wana mpango wa msaada kwa wafanyakazi wenye vikao vichache vya bure, na watu hawautumii kwa kudhani bosi ataambiwa; haambiwi yaliyosemwa. Vituo vya afya vya jamii hutoza kulingana na kipato. Vyuo vikuu vina kliniki ambako wanafunzi wa shahada za juu hutibu chini ya mwalimu wao, kwa bei ndogo. Loveland Foundation, iliyoanzishwa 2018 na Rachel Cargle, imekuwa ikiwasaidia wanawake na wasichana weusi kulipia vikao. Nafasi hufunguliwa kwa vipindi.

Kwenye hati ya bima utaona limeandikwa sonona, au wasiwasi. Usishtuke. Kitabu cha uainishaji wa magonjwa ya akili hakina ugonjwa uitwao ubaguzi, na kwa kiwewe chenyewe kinadai tishio la kifo, jeraha kubwa au udhalilishaji wa kingono. Bima hailipi bila jina la ugonjwa. Muulize mnasihi ameandika lipi na kwa nini.

Ukitaka wa mtandaoni, hakikisha leseni yake inamruhusu kuhudumia watu wa jimbo unaloishi.

Itaharibu makaratasi yangu?

Kwenda kwa mnasihi peke yake si sababu ya kunyimwa kadi ya kijani wala uraia. Daktari wa uhamiaji hutazama ugonjwa wa akili unaoambatana na vitendo vya kudhuru, na dawa za kulevya. Usingizi uliokimbizwa na bosi mbaguzi haumo humo. Suala la Medicaid na kadi ya kijani lina kanuni zinazobadilika. Muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize msusi.

Nitapewa vidonge?

Mnasihi haandiki dawa. Daktari wa akili huandika, na daktari wako wa kawaida anaweza pia. Wengine huzihitaji kwa muda ili walale na wapate nguvu za kuzungumza. Unaruhusiwa kukataa, na unaruhusiwa kukubali.

Tiba itamwondoa huyo bosi?

Haitamwondoa. Malalamiko ya ubaguzi kazini hupelekwa tume ya serikali ya usawa wa ajira, EEOC, ndani ya siku 180, au 300 kwenye majimbo mengi yenye chombo chake. Siku hizo hazisubiri upone. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, kwenye daftari la nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazini. Ukifika kudai fidia ya kuumizwa moyo, upande wa pili unaweza kuomba kumbukumbu za tiba yako, basi mwambie wakili mapema kwamba unatibiwa.

Mimi sikushitaki. Nilipokuja kujua siku zinahesabiwa, zilikuwa zimepita. Hasira ya hilo nayo niliipeleka tiba, ikachukua vikao vitatu.

Inachukua muda gani?

Wengine vikao kumi na mbili, wengine mwaka na nusu. Majuma ya mwanzo wengine hujisikia vibaya zaidi, na wengine hukimbia hapo. Dalili kwamba inafanya kazi huwa ndogo mno hata unaweza kuikosa. Yangu ilikuwa siku niliyoegesha gari, nikazima injini, na nikawa nimeshafika kwenye lifti ndipo nikakumbuka kwamba sikukaa.

Nimezidiwa sasa hivi, siwezi kusubiri miadi.

Piga 988, namba ya msaada kwa aliyezidiwa au anayewaza kujiua, saa yoyote, bure. Sema neno "Swahili" na usubiri, wana wakalimani wa simu. Namba hiyo ilianza Julai 2022 kwa ajili ya watu walio kwenye hali kama yako. Najua tunaogopa 911, namba ya dharura, kwa sababu ya polisi, na woga huo una sababu. Hata hivyo kama umeshameza kitu au unatoka damu, piga hiyo 911.

Nikipiga simu kliniki mara ya kwanza niseme nini?

Utapokelewa na karani, si mnasihi, kwa hiyo usimwage yote. Sema hivi: "Nataka mtaalamu wa tiba ya mazungumzo. Ningependa mwanamke mweusi kama yupo. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Sababu ni msongo wa kubaguliwa kazini." Akikuuliza ni dharura, jibu ukweli. Akisema foleni ni miezi mitatu, mwambie akuandike hata hivyo na akuweke kwenye orodha ya watakaoitwa mtu akighairi, kisha piga kliniki ya pili. Mimi niliitwa Jumanne saa nne asubuhi, mtu alikuwa ameghairi kwa ajili ya theluji.

Kikao cha kwanza nilizungumzia njia za mabasi dakika zote 50. Akaniandikia miadi ya pili.